Ubao Juu ya Ubao: Ufundi wa Ufuko wa Hastings

Hastings haina bandari. Kwa mji wa pwani ulioishi kwa uvuvi kwa karne nyingi, hilo ni jambo la ajabu, na ndilo linaloeleza karibu kila kitu cha kutazamwa pale: umbo la boti, vibanda vyeusi vilivyosimama wima ufukoni, winchi zenye kutu, hata jumba la makumbusho. Wageni wengi huingia katika mji huu wa Sussex Mashariki, kusini mwa Uingereza, wakiwa na mwaka mmoja tu kichwani, 1066, mwaka William wa Normandy alipovamia. Hupanda ngomeni, hupiga picha, hununua upanga wa plastiki kwa ajili ya watoto, kisha huondoka. Mimi ningewashauri waipe ngome saa moja, halafu washuke ufukoni na kubaki huko hadi jua lizame.

Zamani bandari ilikuwepo. Katika Zama za Kati, Hastings ilikuwa mmoja wa miji mitano ya pwani ya kusini-mashariki, pamoja na New Romney, Hythe, Dover na Sandwich, iliyofungamana na mfalme kwa masharti ya wazi. Wao walimpa merikebu 57 kwa siku 15 kila mwaka, naye aliwasamehe kodi na kuwaachia waendeshe mahakama zao wenyewe. Kisha bahari ikawageuka. Dhoruba za mwaka 1287 zilibomoa sehemu ya jabali pamoja na kipande cha ngome kilichokuwa juu yake, na kokoto zikaanza kuziba mlango wa bandari. Wafaransa waliuvamia mji mwaka 1339, wakarudi tena 1377. Mwishoni mwa karne ya 16 wenyeji walijenga gati la magogo na mawe, mawimbi yakalivunja. Wakajenga tena, likavunjwa tena. Mwishoni mwa karne ya 19 wakajaribu kwa saruji, na safari hiyo ukuta haukukamilika. Ungalipo hadi leo: umeingia baharini kidogo, kisha umekatika kama sentensi ya mtu aliyeitwa ghafla. Kazi unayoifanya ni moja tu, kuzikamata kokoto zinazosukumwa na mkondo kutoka magharibi. Kwa sababu hiyo ufuko umepanuka, na wavuvi wamepata nafasi zaidi ya kuegesha boti zao. Si kila mradi uliokwama huacha faida ya namna hiyo.

Sehemu hiyo ya ufuko, chini ya jabali la mashariki, huitwa The Stade. Boti zake ndizo kundi kubwa zaidi barani Ulaya la boti za uvuvi zinazoshushwa majini kutoka ufukoni moja kwa moja. Neno "kubwa" lisikudanganye. Leo ni boti chache, zote fupi kuliko mita 10, na idadi yake imekuwa ikipungua. Ukubwa wake umetokana zaidi na kufa kwa makundi mengine kuliko kukua kwa hili. Lakini lipo, linafanya kazi, na halijawekwa pale kwa ajili ya watalii.

Fikiria kinachodaiwa kwa boti ya mahali kama hapa. Chombo chenye bandari hurudi, hufungwa gatini, na hupanda na kushuka na maji bila kusumbuliwa na mtu. Boti ya Hastings ikirudi lazima itoke baharini mzimamzima. Nahodha huielekeza nchi kavu, huongeza mwendo, na kuipandisha kwa makusudi juu ya mwinuko wa kokoto. Kokoto zenyewe ni za gumegume, jiwe linaloweza kukwaruza chuma likiwa na makali. Sauti ya boti inapopanda husikika mpaka barabarani. Kisha waya wa winchi hunaswa kwenye omo, magogo yaliyopakwa mafuta hulazwa chini ya mkuku, na tani kadhaa za mbao, injini, nyavu na samaki huvutwa juu hadi pale ambapo bamvua haifiki. Kesho alfajiri yote hufanywa kinyumenyume. Zamani nguvu ya kuvuta ilitoka kwa farasi waliozungushwa kwenye roda kubwa la mti. Siku hizi ni winchi za mota kwa kuvuta na tingatinga kwa kusukuma.

Kwa hiyo chombo lazima kiwe kifupi, ama sivyo hakivutiki. Lazima kiwe kipana na chenye tumbo bapa, ama sivyo kitaanguka ubavu kikifika nchi kavu. Lazima kiwe chepesi kwa ajili ya winchi na kigumu kwa ajili ya kokoto. Hapo ndipo penye utata, kwa sababu wepesi na ugumu ni mambo mawili yasiyokaa nyumba moja kwa urahisi. Mafundi wa pwani hii waliyakalisha pamoja kwa njia moja: kuulaza ubao juu ya ubao.

Msomaji wa pwani yetu anaijua njia nyingine. Fundi wa Nungwi au Matondoni hukutanisha mbao ubavu kwa ubavu, kisha huziba nyufa kwa kalafati ya pamba na mafuta, na ngozi ya jahazi hubaki laini kutoka omo hadi shetri. Kaskazini mwa Ulaya walifuata njia ya pili. Ukingo wa chini wa kila ubao hulalia ukingo wa juu wa ubao uliotangulia, na zote mbili hupigwa misumari pamoja. Ubavu wa boti huwa na mistari, ngazi baada ya ngazi, kuanzia mkukuni hadi ukingoni. Ila kuna jambo moja linalowaunganisha fundi wa Matondoni na yule wa Sussex, nalo ni kubwa: kwa desturi wote huanza na ngozi, mifupa baadaye. Mbao hupanda kwanza na kulifanya umbo, ndipo mataruma huingizwa ndani. Anayejenga hivyo hana mifupa ya kumwambia boti itakuwaje. Umbo liko katika jicho lake na katika upana wa kila ubao anaoukata.

Kazi yenyewe huanzia kwenye mkuku wa mwaloni uliolazwa juu ya magogo, na nguzo ya omo na ya shetri zikisimamishwa kila mwisho. Ubao wa kwanza hukaa pembeni mwa mkuku, na huo ndio mgumu kuliko zote, kwa sababu katikati ya boti unalala karibu bapa, na ukifika omo unatakiwa usimame wima. Mti haupendi kugeuzwa hivyo. Fundi huupinda taratibu, akikaza vibanio kimoja kimoja na kuusikiliza ukilia. Anayeharakisha huupasua, na ubao wa urefu ule, usio na fundo wala ufa, haupatikani kwa urahisi.

Ubao wa pili ukifika ndipo ufundi wenyewe unapoonekana. Zile sentimita chache ambazo mbao mbili zitalaliana haziwezi kuachwa bapa, kwa kuwa tumbo la boti limejikunja na kila ubao umeelekea upande wake. Ukingo wa juu wa ubao wa chini lazima uparuzwe kwa randa hadi upate mshazari unaolingana na ubao unaokuja, na mshazari huo haufanani popote: hapa umelala, hatua mbili mbele umeinuka, ukikaribia omo unakufa kabisa, ili mbao zote mbili ziingie kwenye nguzo zikiwa sawasawa. Fundi hupima kwa kipande cha mbao kilichonyooka, huparuza, hupima, huparuza. Akikosea kwa unene wa kucha, maji yataliona kosa hilo kabla ya mtu yeyote. Hakuna kalafati ya kumwokoa. Mbao zikishalowa huvimba na kubanana zenyewe, lakini haziwezi kuvimba na kuziba uzembe.

Kisha msumari. Si wa chuma, kwa sababu chuma na mwaloni vikikutana na maji ya chumvi huozeshana. Ni wa shaba, wa pembe nne, laini kiasi cha kupindika kwa mkono. Tundu hutobolewa kupitia mbao zote mbili na msumari hupigwa kutoka nje. Kuanzia hapo kazi ni ya watu wawili, mmoja nje na mmoja ndani, na ubao umesimama katikati yao. Wa nje hukandamiza chuma kizito juu ya kichwa cha msumari. Wa ndani huvisha kwenye ncha washa ndogo ya shaba yenye umbo la kofia, huishindilia hadi igande kwenye ubao, hukata ncha iliyozidi, na kwa nyundo nyepesi hukigonga kisiki kilichobaki, pigo dogo baada ya dogo, hadi kifumuke na kuwa kichwa cha pili. Akigonga kwa nguvu msumari hujikunja ndani ya mti, mahali ambapo hakuna anayeuona, na miaka mitatu baadaye pale ndipo boti itakapovuja. Akigonga inavyostahili, shaba hubaki imezibana mbao mbili kwa kudumu. Kisha anasogea mbele kidogo, anaanza upya. Misumari ya boti moja huhesabiwa kwa mamia, ya nyingine kwa maelfu.

Nimeeleza kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo wepesi na ugumu vinapopatana. Pale mbao zinapolaliana unene ni maradufu, kwa hiyo kila boti ina mshipi mgumu unaopita kutoka omo hadi shetri, mmoja kwa kila ubao, bila kuongeza kipande kingine cha mti. Katikati ya mishipi hiyo ubao unaweza kuwa mwembamba. Na kwa kuwa umeshikwa kwa misumari laini badala ya kufungwa kwenye mifupa minene, boti nzima hunyumbuka kidogo inapopiga kokoto, kisha hurudi. Chombo kigumu kabisa kingevunjika. Hiki hukohoa tu.

Mataruma huja mwisho. Ya boti ndogo hutiwa kwenye sanduku la mvuke, na kanuni ya zamani inasema saa moja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene. Yakitoka, mtu ana dakika chache tu za kuyakandamiza ndani kabla hayajapoa na kukataa. Ya boti kubwa hukatwa kwa msumeno, na ukingo wake wa nje huchongwa vingazi vidogo vidogo ili ufuate ngazi za mbao. Chini, boti za Hastings zilipata nyongeza zake: utepe wa chuma chini ya mkuku, na mikuku midogo pembeni ili zikae wima nchi kavu. Shetri nayo ilibadilika. Kufikia mwisho wa karne ya 19 mafundi walianza kuizungusha badala ya kuiacha bapa, kwa kuwa boti inapokwenda ufukoni wimbi huja kwa nyuma. Shetri bapa hupigwa kofi, ya mviringo huinuliwa.

Mbao zenyewe zilikuwa za elmi. Mti huu una nyuzi zilizosukana, haupasuki msumari unapopita, na ukikaa majini haupatwi na kuoza upesi; ndiyo maana zamani magogo yake yalitobolewa yakawa mabomba ya maji ya London. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ugonjwa wa ukungu ulioletwa na magogo kutoka Amerika ya Kaskazini uliingia Uingereza na kuua zaidi ya elmi milioni 25. Ni jambo la kusikitisha na la kejeli kwamba miji michache iliyofanikiwa kuilinda miti hiyo ni ya Sussex hii hii, hasa Brighton, na pale ni miti ya barabarani na bustanini, haikatwi kwa ajili ya boti. Mafundi wa Uingereza waligeukia miti mingine, na mmojawapo ni mvule kutoka Afrika, zaidi Afrika Magharibi. Mti tunaotengenezea milango na vitanda wao huufanya mkuku.

Sasa geuka uitazame nchi kavu. Nyuma ya boti vimepangwa vibanda vya nyavu, na hakuna kitu kingine kama hivyo Uingereza nzima. Ni zaidi ya 40, vyeusi tii kwa lami, vya mbao tupu, vya ghorofa mbili au tatu, na upande mmoja wa kila kimoja haufiki mita tatu. Vingine vimekaribiana kiasi kwamba mtu mnene hupita kati yake kwa ubavu. Mgeni huambiwa, au hujiambia, kwamba nyavu zilitundikwa humo zikauke. Si kweli. Nyavu zilikaushwa nje, juu ya kokoto. Zilipokauka ndipo zilipoingizwa ndani, kwa maana katani na pamba zikihifadhiwa na unyevu huoza. Vibanda ni ghala, si kamba ya kuanikia.

Urefu wake wa ajabu ulitokana na uchache wa ardhi. Mapema karne ya 19 bahari ilifika karibu na jabali, na wavuvi waligombea kila hatua ya ufuko. Vibanda vingi vilisimama juu ya nguzo ili maji yapite chini. Miaka ya 1830 kuta za kuzuia kokoto zilianza kujengwa, ufuko ukatanuka, na kuanzia mwaka 1835 mji ukavipanga vibanda kwa mistari na kuvipa viwanja vidogo. Hakukuwa na pa kwenda isipokuwa juu. Kila sakafu ina mlango wake wa nje, mlango juu ya mlango, na vifaa vilipandishwa kwa kamba.

Nenda karibu uangalie ukuta. Ubao wa juu umelalia ubao wa chini, msumari kwenye mlalio, kama mabati ya paa. Ni ule ule mkono uliojenga boti. Mvuvi aliyejua kuzuia bahari isiingie chomboni hakuhitaji msanifu wa majengo wa kumfundisha kuzuia mvua isiingie ghalani. Aligeuza ubavu wa boti ukasimama wima. Lami ilikuwa ile ile iliyopakwa mashuani. Mwanga wa jioni ukipiga kwa pembeni, kila mlalio hutupa kivuli chembamba, na kibanda kizima huonekana kimechorwa mistari kwa rula na mtu mwenye mkono unaotetemeka kidogo. Hakuna kibanda kilichonyooka kabisa. Mbao zimebadilishwa moja moja kadiri zilivyooza, na sioni busara ya kutafuta kipi ni cha asili na kipi ni kipya. Vimesajiliwa kuwa urithi unaolindwa na sheria, na baadhi bado vina nyavu ndani.

Mwaka 2012 lilifunguliwa jumba la sanaa pembeni mwa vibanda hivyo, ambalo sasa huitwa Hastings Contemporary. Wavuvi wengi walilipinga kwa nguvu, kwa kuwa waliuona ufuko wao ukigeuzwa sebule ya watu wa London. Wasanifu walilifunika kwa vigae vyeusi vinavyong'aa ili lipatane na vibanda. Ni jengo zuri. Lakini vigae vyake vimepangwa ubavu kwa ubavu, na ukivitazama ukitoka vibandani utaona tofauti ya kitu kinachofanana na kingine kwa rangi na kitu kinachofanana nacho kwa kazi.

Hatua chache kutoka hapo kuna kanisa dogo la mawe lililojengwa mwaka 1854 kwa ajili ya wavuvi, ambao hawakuwa na desturi ya kupanda mjini kusali. Vita vya Pili vya Dunia vilikatiza ibada zake. Mwaka 1956 likafunguliwa kuwa Makumbusho ya Wavuvi, na kitu cha kwanza kilichotakiwa kuingizwa kilikuwa boti nzima: Enterprise, yenye namba RX 278, iliyojengwa mwaka 1912, ya mwisho katika ukoo wa boti za Hastings zilizojengwa kwa ajili ya tanga. Haikupita mlangoni. Walivunja sehemu ya ukuta wa kusini, wakaisukuma ndani, wakajenga ukuta upya. Herufi RX, ambazo ungali unaziona kwenye boti za leo, ni za bandari ya usajili ya Rye, mji jirani ulioko juu ya mto, ambako nyingi za boti za ufuko huu zilijengwa.

Enterprise imekaa katikati ya kanisa na mlingoti wake unakaribia dari. Hapo mtu anaweza kufanya jambo ambalo baharini haliwezekani: kuweka jicho usawa wa mkuku na kuufuata ubao mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Fuata ubao wa nne au wa tano. Unaanza omo ukiwa mwembamba, unapanuka unapofika tumboni, unasinyaa tena, na ukifika shetri unajikunja kwa mpindo ambao hauelezeki kwa hesabu nyepesi. Ubao wa juu yake unafanya vivyo hivyo kwa kipimo tofauti kidogo. Hakuna mstari hata mmoja ulionyooka, na hakuna hata mmoja unaogombana na jirani yake. Mtu alikata hayo yote kwa jicho. Ukimaliza, tazama chini, mahali ambapo kokoto zimeila boti kwa miaka. Kingo za mbao zimelainika na kuwa duara. Pale kuna viraka, na viraka vimepigwa kwa unadhifu ule ule.

Kiraka katika boti ya namna hii si kazi ndogo. Kila ubao umeshikwa na ndugu zake wawili, wa chini na wa juu. Huwezi kuutoa mmoja bila kukata misumari ya mistari miwili, na huwezi kuurudisha bila kuuteleza mpya katikati kama barua chini ya mlango. Hilo ndilo deni la ufundi huu, na haifai kulificha. Jahazi la mbao zilizokutana ubavu kwa ubavu hutengenezeka kwa urahisi zaidi.

Ngome, basi. William wa Normandy alitua Pevensey tarehe 28 Septemba 1066, akahamia Hastings akajenga boma, na tarehe 14 Oktoba akapigana na Mfalme Harold mahali palipo kilomita kama 10 kutoka pale, ambapo leo ni mji mdogo uitwao Battle. Ngome ya mawe ilifuata baadaye, na iliyobaki ni kuta chache na upepo mwingi. Kinachonivutia mimi katika habari hiyo ni merikebu. Kitambaa cha Bayeux, kilichotariziwa katika karne ile ile na chenye urefu wa karibu mita 70, kinawaonyesha mafundi wa William wakikata miti, wakichonga mbao kwa mashoka na kujenga vyombo, na vyombo hivyo vina mistari: ubao juu ya ubao. Njia hiyo ilikuwa ya kale hata wakati huo. Merikebu iliyozikwa Sutton Hoo, mashariki mwa Uingereza, katika karne ya 7, ilijengwa hivyo hivyo kwa misumari ya chuma. Mwaka 2021 UNESCO iliuandika ufundi huu katika orodha ya urithi wa binadamu kwa maombi ya nchi za Nordiki, ambako umeishi kwa takribani miaka 2,000. Kwa maneno mengine, kitu alichokuja nacho mvamizi hakikuwa kigeni kwa waliovamiwa. Wavuvi wa Hastings waliotazama merikebu zile zikija wangeweza kuzikarabati.

Mji una vivutio vingine, na sina ugomvi navyo. Kuna magari mawili ya kamba yanayopanda majabali, la magharibi la mwaka 1891 na la mashariki la 1902. Hili la pili limeinamia kiasi kwamba hakuna lenzake lenye mwinamo mkali zaidi Uingereza, na kwa miongo mingi liliendeshwa kwa uzito wa maji tu, tangi la juu likijazwa ili gari moja lishuke na kulipandisha lingine. Kuna gati la starehe la mwaka 1872 lililosanifiwa na Eugenius Birch, bingwa wa kazi hiyo. Liliungua Oktoba 2010, likafunguliwa tena 2016, na mwaka uliofuata likapata Tuzo ya Stirling, ambayo ndiyo heshima kubwa ya usanifu Uingereza. Wasanifu wake walizitumia mbao zilizonusurika motoni kutengenezea samani. Nao ni ufundi, wala sikatai.

Ila mtu akiwa na subira ya jambo moja tu, na arudi Stade wakati maji yanajaa. Hapo kuna kazi ambayo haiandikwi kwenye vibao vya utalii. Kila boti ina mtu wake wa nchi kavu. Yeye haendi baharini. Huiandaa njia ya magogo, hupokea waya, huendesha winchi, na huamua ni wapi boti itasimama. Wenyewe humwita kijana wa ufukoni, na anaweza kuwa mzee mwenye wajukuu, nahodha mstaafu ambaye magoti yamemkatalia mawimbi. Kazi yake ni ya sekunde chache zenye hatari: kati ya boti kugusa kokoto na wimbi linalofuata, waya uwe umeshanaswa. Akichelewa, wimbi litaigeuza boti ubavu. Utamwona amesimama mikono mfukoni kama mtu asiye na haja. Macho yake hayaitazami boti inayokuja. Yanatazama maji yaliyo nyuma yake, akihesabu mawimbi.

Wavuvi hawa wana chama chao kilichoanzishwa mwaka 1831, na mengi wanayoyalilia si mageni kwa mvuvi wa Mafia au Kilwa. Boti zao hutega nyavu za kuta tatu ambazo haziburuti sakafu ya bahari, hukamata samaki bapa, makrili, chewa wa kaskazini na ngisi wa msimu, na hazitoki hali ikichafuka kwa sababu haziwezi. Hata hivyo mgao wa samaki kwa boti ndogo umekuwa mwembamba siku zote, huku sehemu kubwa ikienda kwa meli zenye makampuni na mawakili. Boti ikiuzwa leo, mara nyingi haibadilishwi na nyingine. Na ikibadilishwa, huja ya fibaglasi.

Sina chuki na fibaglasi. Haiozi, haihitaji elmi wala mvule, na kiraka chake hukauka kwa siku moja. Lakini pita katikati ya boti mpya ufukoni, hapo au popote Uingereza, ukazitazame ubavuni. Nyingi zina mistari, ngazi baada ya ngazi kutoka omo hadi shetri, ilhali hakuna ubao hata mmoja ndani yake. Zimemwagwa kwenye kalibu, na kalibu ilitolewa kwenye boti ya mbao, au ilichongwa iifuate. Wengine husema ni pambo la kumfurahisha mnunuzi. Waunda boti wana jibu lingine: ile mikunjo hukaza ubavu, na bila hiyo ingebidi fibaglasi imwagwe nene zaidi, na boti ingekuwa nzito kwa winchi.